Njia ya Elgon ilikuwepo kabla ya mpaka

Wakubwa wa Kampala wakizungumzia Kiswahili nchini Uganda, huanzia kwa Idi Amin na mtutu wa bunduki. Sisi wa upande wa Mbale, mashariki mwa Uganda, tuna historia ndefu kuliko hiyo, nayo inapita chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani, wenye Kiswahili chao, ilikuwa ikifika Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, kwa watawala wa Wanga. Wapagazi walipumzika hapo na kununua chakula, kisha wenye mali wakaamua: kushika njia ya magharibi kwenda Busoga na Buganda, au kuambaa na mlima kuelekea kaskazini, kwenye pembe za ndovu za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo. Biashara hiyo ilikolea hata Waswahili wakawa na kituo chao Manimani, ndani kabisa ya Karamoja. Haikuwa ya heri tupu; palikuwa na misafara iliyopora ng'ombe na kuteka watu, na hilo nalo liandikwe.

Kisa ninachokipenda ni cha Frederick Jackson, Mwingereza aliyeongoza msafara wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa ameomba msaada, lakini Jackson alikuwa na amri asiingie Buganda, basi akaondoka Mumias akaenda Elgon na nchi za kaskazini kusaka ndovu. Februari 1890, wakati yeye yuko huko, Mjerumani Karl Peters akafika kambini kwake, akafungua barua zake na kuzisoma bila haya, akakimbilia Buganda kutia saini mkataba na Mwanga. Mkataba wenyewe haukudumu: Julai mwaka huohuo London na Berlin walikubaliana juu ya vichwa vya watu wote kwamba Uganda iwe ya Waingereza. Jackson amebaki na kilele chenye jina lake mlimani. Wapagazi waliombebea mizigo hawana hata jiwe.

Mwaka 1902 Waingereza wakaukata mkoa wa mashariki wa Uganda, uliokuwa ukifika mpaka Naivasha, wakaupachika upande ambao leo ni Kenya. Mpaka ukapita juu ya mlima. Wasabiny wa Kapchorwa na ndugu zao Wasabaoti wakajikuta raia wa nchi mbili, na njia ya kwenda kuoa au kuuza mbuzi ikawa inahitaji kibali.

Halafu ikaja kahawa. Baridi kali iliharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na huku kwetu mkulima wa Bugisu alilipwa na bodi ya serikali kwa shilingi iliyokuwa ikiyeyuka mfukoni. Ungefanyaje? Watu walipakia magunia juu ya punda, wengine vichwani mwao, wakavuka usiku hadi soko la Chepkube upande wa Kenya. Walirudi na sabuni, chumvi na nguo, vitu vilivyoadimika madukani. Serikali iliita magendo na ikatuma askari wenye ruhusa ya kuua. Mimi naona wale watu walikuwa wakitumia barabara yao ya zamani kufanya kazi yake ya zamani. Uhalifu waliletewa na karatasi.

Sasa lami imewekwa kutoka Kapchorwa hadi Suam mpakani, kilomita zipatazo 73, na malori yanapita mahali palipokuwa matope hadi magotini. Nafurahi. Lakini watalii wakipelekwa Sipi husimuliwa maporomoko ya maji na kahawa tamu, basi. Hakuna anayewaambia juu ya misafara, wala juu ya punda wa Chepkube. Wale waliovuka na magunia wangali hai baadhi yao, ni wazee. Wizara inayotafuta fedha za vibao vya kukaribisha wageni itume kwanza mtu na kinasa sauti, awaulize walipita wapi, walilaza mizigo kwa nani, na askari gani alikuwa akifumba macho kwa shilingi ngapi.