Kabla hujalaani mchezo wa vita, hesabu kwanza wapagazi

Wiki iliyopita, kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja Tabora, nilituma picha ya ramani ninayoichora upya: reli ya kati kuanzia Kigoma hadi Tabora, mwaka 1916, Wabelgiji walipopigana na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na pembesita zake zote za kuhesabia mwendo. Nikauliza nani bado anakumbuka kanuni za mchezo wetu wa vita wa mezani. Watu walichangamka. Mmoja akajitambulisha kwa cheo alichokuwa nacho mezani, mwingine akadai kwamba namdai kampuni mbili za askari na hanilipi ng'o. Kisha ndugu yetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akaandika kwamba michezo ya vita inalea ukatili, kwamba wanawe hawataigusa, na kwamba mtu anayeishi Kigoma, mkoa unaopokea watu wanaokimbia risasi za Burundi na Kongo miaka yote hii, alipaswa kuwa wa mwisho kuchezea vita juu ya meza.

Kundi likapoa. Sikumjibu pale pale kwa sababu lingekuwa jibu la hasira. Naandika sasa, na hasira haijaisha yote.

Naishi Mwandiga, njia ya kwenda Kasulu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na malori yanayokwenda huko nayaona yakipita. Nimekaa dawati moja na watoto waliovuka ziwa usiku. Sihitaji kukumbushwa vita ni nini. Na huyu ndugu yangu si mgeni wa mchezo wenyewe: alikuwepo, alikaa upande wa Wabelgiji muhula baada ya muhula, na alikuwa makini kuliko wengi wetu. Ndiyo maana neno lake limeniuma. Lingetoka kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ile meza, ningelipita.

Kwa vijana wanaosoma hapa: shuleni kwetu kulikuwa na padri mgeni aliyetufundisha jiografia, na alikuwa na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa Risk, mchezo aliobuni Mfaransa Albert Lamorisse, ukatoka mwaka 1957. Dunia imegawanywa maeneo 42, Afrika ina sita, na ukiishika yote unapewa majeshi matatu ya nyongeza kila zamu. Mshambuliaji anarusha hadi dadu tatu, mtetezi mbili, na zikilingana mtetezi ndiye anayeshinda. Tuliipenda Risk kwa sababu Afrika Mashariki imo kwenye ubao, na sisi tuliigombania kama vile kuna mtu angetukabidhi hati yake. Lakini baada ya muda ikatuchosha. Majeshi yanaota tu. Unayaweka mezani, yanatembea kutoka Misri hadi Madagaska bila kula, bila kuugua, bila mtu wa kuyabebea hata sufuria.

Boksi la pili ndilo lililotubadilisha. Lilikuwa Afrika Korps, mchezo wa vita vya jangwa la Afrika Kaskazini katika Vita vya Pili vya Dunia, wa kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore, toleo la 1964. Ramani yake ni pembesita tupu, zimebanana kama sega la nyuki, na vipande vya karatasi ngumu vimeandikwa namba: nguvu ya kupigana na mwendo. Unahesabu nguvu zako, unahesabu za adui, unapata uwiano, unarusha dadu, unasoma kwenye jedwali nani amerudi nyuma na nani ametoweka. Kubwa zaidi, kuna vipande vya ugavi. Huna ugavi, hushambulii. Mjerumani anarusha dadu kujua kama shehena yake imevuka bahari au imezamishwa. Mara ya kwanza kuona nguvu za Rommel, jenerali wa Wajerumani, zimejaa mezani, zimekaa, haziwezi kufanya lolote kwa sababu meli haikufika, mmoja wetu alisimama akasema, "Kumbe!" Ndivyo tulivyojisikia wote.

Halafu tukaanza kuuliza maswali. Mchezo unaitwa Afrika, na ndani yake mna Wajerumani, Waitaliano na Waingereza na washirika wao. Wenyeji wa jangwa lile wako wapi? Na vita vya kwetu je, vilivyopita hapa hapa Tabora, vilivyoiacha meli ya Liemba ziwani Tanganyika, vina boksi lake? Padri hakuhutubia. Alitufungulia vitabu vyake, akatuletea karatasi za manila, akasema tutengeneze wa kwetu.

Tulikata kadibodi moja kwa wembe ikawa pembesita, tukaizungushia penseli usiku baada ya usiku, tukizificha manila chini ya madaftari mwalimu wa zamu alipopita wakati wa prepo. Kampuni za askari zilikuwa vizibo vya soda: Wajerumani vimelala kifudifudi, Wabelgiji chali, na namba zimeandikwa kwenye plasta tuliyoiomba zahanati. Graf von Götzen, yaani Liemba kabla hajawa Liemba, alikuwa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Zile boti mbili zilizoitwa Mimi na Toutou, ambazo Waingereza wa kamanda Spicer-Simson walizileta kutoka kwao, wakazipandisha treni na kuzikokota kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Kongo hadi ziwani, zilikuwa vifuniko viwili vya kalamu. Chakula kilikuwa maharage, mabichi, ya jikoni.

Hayo maharage ndiyo hoja yangu yote.

Kanuni yetu ya kwanza iliiga Afrika Korps: kila jeshi na kipande chake cha ugavi. Padri akatuuliza kipande hicho kinabebwa na nini. Reli, tukasema. Na Mjerumani akirudi nyuma analipua madaraja, je? Punda, tukasema. Na mbung'o? Mtu yeyote aliyekulia Urambo au Kaliua anajua mbung'o anafanya nini kwa mnyama wa mizigo. Basi kichwa cha binadamu. Hapo ndipo tulipokaa chini na kupiga hesabu ambayo mpaka leo naweza kuipiga nikiwa usingizini.

Chukua mpagazi mmoja. Anabeba kilo 25 za unga. Anatembea na mzigo kutwa, kwa hiyo anakula, tuseme, kilo moja kwa siku. Kigoma hadi Tabora kwa kufuata reli ni kilomita 400 na ushei. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku ni siku 20. Akifika ameshakula kilo 20. Aliyemngojea Tabora anapokea kilo tano. Na huyo mpagazi bado hajarudi, na hana cha kumrudisha. Ama anyang'anye vijijini, ama aanguke njiani. Sasa panga wapagazi wangapi nyuma ya kampuni moja, na nyuma ya hao wapagazi panga wapagazi wengine wa kuwalisha.

Tulikuwa vijana wa Kinyamwezi, Waha, Wasukuma, Wamanyema. Mababu wa nusu ya wale waliokaa ile meza walikuwa wapagazi. Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo tangu misafara ya pembe. Darasani tulisoma kampeni ya Afrika Mashariki kwa majina ya majenerali. Mezani tuliikuta imebebwa na watu ambao hawakuwa na kizibo. Tukawapa. Tuliandika kanuni kwamba hakuna kampuni inayosogea bila vizibo vya wapagazi, kwamba kila zamu wapagazi wanakula maharage, na kwamba maharage yakiisha unayachukua kwenye kijiji ulichosimama. Kila kijiji kilianza na matano. Kijiji kikifika sifuri hakirudi tena mpaka mchezo uishe.

Unajua kilichotokea? Tulicheza kuanzia Julai 1916, Wabelgiji wakiwa bado hawajaingia Kigoma. Upande wa Wabelgiji, Olsen anakuja na reli kutoka magharibi, Molitor anashuka kutoka kaskazini; Wahle wa Wajerumani anawasubiri Tabora. Mara nyingi Wabelgiji waliingia Tabora, kama kweli walivyoingia tarehe 19 Septemba, baada ya kupigana Usoke na Itaga. Mara chache Wahle alishikilia mji. Lakini kila mara, awe ameshinda nani, tulipomaliza tuliangalia ramani na kukuta vijiji vyote vya kando ya reli ni vitupu. Vijiji ambavyo havikuwa upande wa mtu. Majina tuliyaandika sisi wenyewe: huyu kijiji cha bibi yake, yule mahali dada yake alikoolewa. Huyo ndugu yetu, huyo huyo aliyeandika kwamba mchezo unalea ukatili, ndiye aliyeanza kuzungusha jeshi lake porini, akipoteza zamu nzima, ili asipite kijiji cha mama yake. Akashindwa mchezo kwa sababu hiyo. Hatukumcheka. Siku iliyofuata wengine walianza kufanya vivyo hivyo, na tukalazimika kurekebisha kanuni za mwendo wa porini.

Huo ndio ukatili tuliofundishwa?

Baadaye nilisoma habari za njaa ya Mtunya kule Ugogo, ilivyofuata nyayo za vita vile vile, baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba. Sikuhitaji kuelezwa sana. Nilikuwa nimeshayaokota yale maharage kwa mkono wangu, moja moja, kutoka kwenye kijiji.

Wazee wa Ujiji wanacheza bao kutwa, wanakulana kete, wanavunjiana nyumba, na hakuna aliyewahi kusema bao linaleta mapigano mtaani. Na hao watoto wanaozuiwa manila na vizibo wanashika simu zenye michezo ya kupiga watu risasi ambamo aliyekufa anainuka baada ya sekunde chache. Hilo wazazi wanaliacha kwa sababu halichukui nafasi mezani.

Kwenye mchezo wa mezani kanuni haziko ndani ya mashine, ziko vichwani mwenu. Mnabishana, mnasoma tena karatasi, mnakubaliana, na aliyekubali anajua alichokikubali. Mtu unayemmaliza amekaa mbele yako, unaona anavyoshika kidevu. Mkimaliza mnakwenda kula ugali pamoja. Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati ule, na bado sijapata mahali pengine ambapo vijana wa miaka 17 hukaa saa nne wakijadili kama ni haki kuchukua chakula cha mtu asiyehusika.

Kuna jambo moja ambalo ndugu yangu ana haki nalo, na nitalisema ingawa silipendi. Tulikuwa na mwenzetu aliyetoka upande wa Burundi. Alikuwa hodari wa hesabu kutuzidi wote, tungempata tungefurahi. Hakuwahi kukaa. Manila ilipotandazwa alichukua daftari lake akatoka nje, bila neno, mpaka tulipokunja. Hatukumbembeleza na hakutueleza. Kwake hapakuwa na mchezo pale, na hapo sina la kubisha. Mtoto aliyeona hayo asiwekwe kwenye ile meza na mtu yeyote, kwa hoja yoyote. Lakini wale ambao hatukuona, ambao vita tunavisikia kwa mbali kama ngurumo za ng'ambo ya ziwa, sisi ndio tunaoweza kukua tukidhani ni bendera na magwanda. Sisi ndio tuliohitaji maharage.

Kwa hiyo naendelea kuchora. Nimeshamaliza Kigoma, bandari, na delta ya Malagarasi. Vijana wawili wa hapa mtaani wameomba kucheza, na wazazi wao nimeongea nao. Pembesita nimezipanua kidogo maana macho si yale. Kanuni za wapagazi nazikumbuka zote. Inayonisumbua ni kanuni ya mzinga wa Götzen.

Mnaokumbuka, mnakumbuka ugomvi wenyewe. Meli ile ilikuwa na mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari Königsberg. Wajerumani waliung'oa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha meli yenyewe kwa mikono yao, injini wamezipaka grisi ili siku moja zifufuke. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nusu yetu tulisema mchezaji alazimike kuung'oa mzinga, kama ilivyokuwa. Nusu wakasema aachiwe achague: auache melini, alinde Kigoma, reli ibaki yake. Padri alikataa kuamua, muhula ukaisha, tukatawanyika.

Mimi nilikuwa na bado niko upande wa kuung'oa. Ndugu yangu, wewe ulikuwa upande wa pili, na ulikuwa na hesabu ya maharage ya kuthibitisha hoja yako uliyoiandika nyuma ya daftari la baiolojia. Kama bado unalo, nitumie picha. Hesabu yangu ya Kigoma kukaa hadi Septemba na chakula cha mjini peke yake inagoma kila nikiipiga.