Jiberelini au mbolea: nini kinakuza mche wa tunda?

Wenye vitalu vya miche ya matunda hawakubaliani kuhusu jiberelini, homoni inayorefusha mimea. Wapo wanaoipulizia miche ili iwahi kubebeshwa, yaani kuungwa na kichipukizi cha aina bora, na wapo wanaoikataa kabisa, wakitegemea samadi na mbolea tu. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Kwenye papai homoni hiyo inajilipa. Mbegu za papai huota kwa kupishana, nyingine wiki ya pili, nyingine hata ya nne, huku viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, vimekaa vitupu. Zisugue kwanza kwa mchanga mpaka utando wa utelezi utoke wote, maana ndio unaozuia kuota. Kisha ziloweke saa 12 hadi 24 kwenye maji yenye jiberelini miligramu 200 kwa lita, yaani gramu 1 safi kwa lita 5. Unga wake hauyeyuki vizuri majini, kwa hiyo uyeyushe kwanza kwa spiriti kidogo. Na soma pakiti! Ikiwa nguvu yake ni asilimia 10, utahitaji gramu 10 kwa lita zile zile 5. Wengi hukosea hapo, halafu lawama inaishia kwa muuza mbegu.

Mche ukishaota, mambo ni mengine. Chukua mlimao unaoandaliwa kubebeshwa chungwa. Ukipuliziwa homoni bila chakula cha kutosha, pingili zinarefuka, majani yanapauka, na shina linabaki jembamba, likilala kila upepo ukipita. Mbebeshaji anatafuta unene wa penseli, sentimita 20 hivi juu ya udongo, urefu haumsaidii. Ni kweli kila mwezi wa ziada kitaluni ni gharama ya maji na vibarua. Lakini mche dhaifu ukiuzwa, hasara hiyo inahamia kwa mkulima, na hilo si haki.

Kwa hiyo yasome majani. Ya chini yakigeuka njano, mara nyingi naitrojeni imepungua: pulizia urea gramu 5 kwa lita, jioni. Machanga yakiwa madogo, njano kati ya mishipa ya kijani, hapo zinki imepungua: pulizia zinki salfeti gramu 5 kwa lita pamoja na chokaa iliyozimwa gramu 2.5, la sivyo majani yataungua. Na hapa wanaopinga homoni nao wajikague: fosfati ya mbolea zao ikizidi kwenye udongo wa viriba, mche hushindwa kupata zinki hata kama imo.