Terry Callier hakushindwa, alikwenda kulea

Kila nikisoma habari za Terry Callier, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, nakutana na kilio kilekile: msanii aliyesahauliwa, kipaji kilichopotea bure, bahati iliyomkimbia. Wanaililia miaka yake ya ukimya utadhani alikuwa kifungoni. Mimi siungani nao. Miaka ile mwanamume alikuwa analea mtoto wake, tena kwa hiari yake.

Alizaliwa Chicago mwaka 1945, akakulia eneo la Cabrini-Green pamoja na akina Curtis Mayfield na Jerry Butler, waliokuja kuwa waimbaji maarufu wa soul. Mwaka 1962, shule hajamaliza, akarekodi wimbo katika kampuni ya santuri ya Chess, walikokuwa wakirekodi magwiji wa blues akina Muddy Waters. Ikaja nafasi ya kwenda ziara na wakubwa. Mama yake akakataa katakata, shule kwanza. Wapo wanaoihesabu hiyo kuwa bahati ya kwanza aliyoikosa. Haya, mama gani angekubali?

Chuoni ndiko alikoshika gitaa na kuanza kuimba zile nyimbo za asili za Wamarekani, za mtu mmoja na nyuzi zake. Kisha akaenda kumsikiliza John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika ukumbini mapema, akamkuta mpiga ngoma wa Coltrane, Elvin Jones, ameshika nyundo, anazipigilia ngoma zake misumari sakafuni. Muziki ulipoanza ndipo akaelewa kwa nini. Ulimtikisa kiasi cha kujiuliza kama yeye ana haki ya kujiita mwanamuziki.

Albamu yake ya kwanza imebeba mtikisiko huo. Ni sauti yake, gitaa lake na wapiga besi wawili, basi. Ngoma hakuna, kinanda hakuna. Besi zinavuma chini, yeye anauvuta wimbo wa zamani taratibu kama mtu asiye na basi la kuwahi, na ghafla unagundua kwamba unachosikiliza ni jazi. Ilirekodiwa katikati ya miaka ya 1960, lakini prodyuza Samuel Charters akaondoka na kanda kwenda nazo Mexico, na santuri haikutoka hadi 1968.

Miaka ya 1970 akatoa albamu tatu na prodyuza Charles Stepney katika kampuni ya Cadet, kisha mbili Elektra. Wachambuzi walizisifu, wanunuzi hawakuja kwa wingi. Pesa ya kueleweka ilipatikana zaidi kwenye wimbo ambao yeye na mwenzake Larry Wade walilitungia kundi la waimbaji la The Dells.

Mwaka 1983 binti yake akaja kuishi naye. Callier akaweka gitaa kando, akasomea kompyuta, akaajiriwa Chuo Kikuu cha Chicago kuandika programu, na jioni akarudi darasani kusoma sosholojia. Mtoto anataka chakula, nguo na mtu anayeonekana nyumbani jioni. Mikataba ya santuri ilikuwa imeshamwonyesha kwamba hayo haiyatoi. Hapo kilichoshindwa ni biashara ya muziki. Na tukiwa wakweli, mwanamke akiacha jukwaa kwa ajili ya mtoto hatuandiki tanzia, tunaona ni kawaida. Akiacha baba, tunashika vichwa.

Huku nyuma madijei wa Uingereza walikuwa wakizicheza santuri zake kwenye kumbi za dansi. Eddie Piller wa kampuni ya Acid Jazz akamtafuta na kuutoa upya wimbo mmoja wa zamani, na kuanzia 1991 programa huyu akawa anatumia likizo zake kwenda kuimba London. Kazini hawakujua. Mwaka 1998 akatoa albamu ya Timepeace, ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa, siri ikafichuka, na ajira yake ikakatishwa. Anayetaka kumlilia Callier na amlilie hapo: kuachishwa kazi kwa sababu umepewa tuzo!

Alifariki Chicago Oktoba 2012, ana miaka 67, akiwa ameshaimba na mwimbaji Beth Orton na kundi la Massive Attack, wote wa Uingereza, waliomlingana kwa mapenzi ya muziki japo si kwa umri. Wengi watakwambia uanze na kazi zake za Stepney. Ni nzuri, lakini kwangu zimejaa vyombo mno, sauti inabidi igombee nafasi. Anza na ile ya besi mbili.