Maharage na Muuaji

Jumatatu mama watoto alipitisha sheria: wiki nzima, ikifika saa 12 jioni simu zote zinalala kikapuni, na kila mtu anashika kitabu. Mimi ndiye niliyeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu simu yangu ya pili ilikuwa kwenye koti. Akanyoosha mkono bila kuniangalia. "Na ya kwenye koti."

Yeye alikuwa na zamu ya jioni kazini wiki hiyo, kwa hiyo jiko likawa langu. Kitabu nacho alinichagulia mwenyewe: hadithi ya upelelezi, nene kama tofali, ambayo yeye keshaisoma mara mbili. Gundi ya mgongoni ilikuwa imechoka, kurasa zimeshikana kwa huruma tu. Jumanne tulikula kwa amani. Kitinda mimba wetu alitusomea kitabu chake mezani, akifuatisha maneno kwa kidole chenye mchuzi, na kila neno gumu akaliruka kama dimbwi.

Jumatano nikapika maharage. Nilikuwa nimeyaloweka tangu usiku. Hapo sina doa. Nikayabandika, nikafunika, nikavuta kigoda hatua mbili kutoka jikoni nikafungua kitabu. Bwana mwenye nyumba amekutwa amekufa, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo uko mfukoni mwa marehemu mwenyewe. Nani angeinua macho hapo?

Sufuria ilikuwa ikitokota kwa kelele. Halafu ikanyamaza. Nakumbuka kabisa nilivyoshukuru moyoni kwamba sasa nasoma kwa utulivu.

"Baba, moshi."

"Subiri mwanangu, namalizia ukurasa."

"Baba, moshi umefika sebuleni."

Maji yakiwemo, maharage hayapiti sana nyuzi 100, hata uyasahau. Yakikauka, joto linapanda bila breki na kilicho chini kinageuka mkaa. Hata hapo palikuwa na nafasi ya kujiokoa: unamimina ya juu kwenye sufuria nyingine taratibu, ukoko unauacha ulipo. Mimi nilichukua mwiko nikakoroga mpaka chini, kama fundi anayechanganya zege. Yale mazima yote yakapata habari za wenzao.

Nikayahamisha hivyo hivyo, nikaloweka sufuria kwa maji na siki, nikafungua madirisha yote. Moshi haukutoka. Nikatafuta kitu cha kupepea, na kilichokuwa mkononi ni kile kitabu. Nikapepea kwa nguvu zangu zote. Mgongo ukalia *krak*, na kurasa za mwisho, zile zenye jina la muuaji, zikapaa kwa madaha zikatua ndani ya sufuria yenye siki. Nilipozitoa zilikuwa uji. Nilifanikiwa kusoma neno moja tu: "kwamba".

Baada ya nusu saa nikanusa hewa. Safi! Nikawaambia watoto mama yenu hatajua kitu. Wakanitazama kwa huruma. Pua, bwana, ni shahidi asiyeaminika: ikikaa na harufu kwa dakika kadhaa inaizoea, inaacha kukuambia. Yangu ilikuwa imeshajiuzulu. Ya mama watoto ilikuwa inatoka nje, mbichi kabisa, na ilianza kazi kabla hajafika mlangoni.

"Umeunguza nini?"

"Aa, kidogo tu."

Akaangalia sufuria. Akaangalia kitabu. Nilitegemea kufokewa, lakini akaketi akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akatoa hukumu: nisugue sufuria ile mpaka ajione sura yake ndani, ndipo atanitajia muuaji. Yeye ndiye pekee nyumbani aliyemjua.

Alhamisi nilisugua kwa waya mpaka vidole vikasinyaa. Ijumaa akaja kukagua na tochi. Jumamosi watoto waliweka viti karibu na karo wakanitazama kama mechi, wakila mkate na chai, huku mkubwa wao akinisomea kwa sauti sura zilizobaki nisije nikasahau washukiwa. Nakiri ilikuwa jioni tamu kuliko zote za wiki ile, ingawa sikuwaambia, wasije wakataka niunguze nyingine.

Jumapili baada ya chakula (alipika yeye) akaiinua sufuria kwenye mwanga, akajitazama, akatengeneza kilemba. Nikavuta kiti karibu. Watoto wakanyamaza.

"Haya. Muuaji ni nani?"

"Mpishi," akasema, akaenda kulala.

Nimerudia sura zote zilizobaki, ya kwanza hadi ya ishirini na tatu. Humo ndani hakuna mpishi.