Ajira za Nairobi, minyoo ya Busia

Wachumi hubishana kipi kinaaminika zaidi: nadharia, au takwimu na majaribio. Tuanze na mfano wa Kenya. Mwaka 1964 serikali ya nchi hiyo, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri waongeze nafasi za kazi, wafanyakazi nao wasidai nyongeza ya mishahara kwa muda. Nia ilikuwa kupunguza ukosefu wa ajira mijini. Watu wakamiminika kutoka mashambani kuzifuata nafasi hizo, na tatizo likabaki palepale.

Mwaka 1970 wachumi John Harris na Michael Todaro walichapisha modeli, yaani picha ya uchumi iliyorahisishwa kwa hesabu, iliyoeleza kwa nini. Hesabu yake unaifanya kwa kalamu na karatasi. Chukua mfano wa kubuni: kijijini mtu hupata shilingi 300 kwa siku, mjini mwenye kazi hulipwa 600. Mji una watu 1,000 na kazi 500. Anayefikiria kuhama anajua nafasi yake ya kupata kazi ni nusu, kwa hiyo tarajio lake ni nusu ya 600, yaani shilingi 300 zilezile, na anabaki nyumbani. Sasa ongeza kazi 100. Watu watakuja mpaka mji ufikie 1,200, ndipo tarajio lirudi 300. Wenye kazi ni 600, wasio na kazi ni 600. Umeongeza ajira, na wasio na ajira nao wameongezeka kwa 100.

Mtu mwenye data bila nadharia angeona kazi na ukosefu wa kazi vikipanda pamoja, akadhani kuna mahali pamekosewa kuhesabu. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema nadharia ni mapambo ya makala za wachumi.

Hata hivyo modeli ile ilikuwa na pengo kubwa. Iliwagawa watu wa mjini mafungu mawili tu, aliyeajiriwa na asiye na kazi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, uliotoa ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972, uliwakuta wengi wa hao "wasio na kazi" wakifua bati, wakishona nguo, wakichonga fanicha na kuuza chakula barabarani. Ripoti hiyo ndiyo iliyolieneza jina la sekta isiyo rasmi. Wakenya huiita jua kali. Milinganyo haikuwa imemwachia fundi huyo nafasi. Alikuja kuonekana kwa sababu kuna watu waliokwenda kumtazama.

Sasa twende Busia, magharibi mwa Kenya, ambako wanaopendelea majaribio kuliko nadharia hupenda kutupeleka. Kuanzia 1998 wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa makundi matatu ya shule 25, zikapewa dawa za minyoo kwa zamu, ili zilizotangulia zilinganishwe na zilizokuwa zikisubiri. Makala yao ya 2004 ilionyesha utoro umepungua kwa takriban robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda.

Utafiti huu husifiwa kama ushindi wa majaribio dhidi ya nadharia. Mimi naiona nadharia katikati yake kabisa. Minyoo huambukiza. Mtoto aliyetibiwa haachi tena mayai ya minyoo kwenye udongo, hivyo mwenzake ambaye hakumeza dawa anapata nafuu pia. Mtafiti akilinganisha watoto wawili wa darasa moja, mmoja kameza dawa na mwingine hakumeza, ataona tofauti ndogo mno na kuamua dawa haina kazi, tena kipimo chake cha takwimu kitamuunga mkono. Miguel na Kremer waligawa dawa kwa shule nzima kwa sababu walikuwa wameshafikiri maambukizi yanakwendaje.

Takwimu nazo zinahitaji mkaguzi. Mwaka 2015 watafiti kutoka London walirudia hesabu hizo kwa data ileile. Walikuta kosa katika programu ya kompyuta: katika kupima faida iliyozifikia shule jirani, ilihesabu shule 12 tu zilizo karibu zaidi, hata pale zilipokuwepo nyingi zaidi. Kosa liliporekebishwa, faida iliyodaiwa kwa shule zilizo umbali wa kilomita 3 hadi 6 haikusimama. Miguel na Kremer walilikubali kosa hilo, lakini walitetea hitimisho lao kuu, na ubishi ukaendelea.

Kuna pia ule mpaka wa asilimia 5, unaoamua matokeo yapi yaitwe ya maana: yale ambayo bahati tupu ingeyatoa chini ya mara 5 katika 100. Pima mambo 20 yasiyo na athari yoyote, na kwa wastani moja litavuka mpaka huo kwa bahati tu. Mtafiti akitangaza hilo moja na kuyanyamazia 19, jedwali lake litapendeza na litakuwa linatudanganya. Mjenzi wa modeli naye anaweza kubadilisha dhana zake mpaka jibu analolitaka litoke. Hilo nalo ni kosa, na ni gumu zaidi kuligundua, kwa kuwa hakuna data ya kumwomba.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni la afisa wa wilaya nyingine anayeshika makala ya Busia na kuuliza kama afanye vivyo hivyo. Busia, kabla ya dawa, watoto kama 92 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na minyoo. Kwake yeye pengine ni 20. Ile robo ya utoro haimwambii chochote mpaka kwanza aelewe minyoo inamtoaje mtoto shuleni, na wangapi kati ya hao 20 wanayo mingi kiasi cha kuugua.