Msomi na mjuzi wa mambo ni watu wawili

Kwetu Tanzania mtu akishavaa joho, anaitwa msomi mpaka anazeeka. Kikao kikikaa kujadili bei ya mbolea, macho yanamgeukia yeye, hata kama alisomea uhasibu na pembeni yake amekaa mkulima anayefuatilia bei hizo kila msimu. Mimi mazoea haya yananikera. Shahada inatuambia mtu alisomea nini. Kama anafuatilia mambo, na kama ana tabia ya kuchunguza kabla hajafungua mdomo, hilo haliandikwi kwenye cheti.

Mwaka 2011 tuliliona Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kijijini Samunge kwa shilingi 500, na habari zikaenea nchi nzima na hadi Kenya kwamba kinaponya ukimwi, kisukari na magonjwa mengine sugu. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wapo wagonjwa waliofia humo humo wakisubiri. Na waliokwenda hawakuwa wakulima na wachuuzi peke yao. Walikwenda wenye shahada, wakaenda na viongozi wa serikali. Swali la kuuliza lilikuwa jepesi: nani alipimwa kabla ya kikombe, akapimwa tena baadaye, na majibu yake yako wapi? Mgonjwa aliyezoea kliniki, anayejua CD4 zake, yaani chembe za kinga ya mwili, zilikuwa ngapi mara ya mwisho, alikuwa na taarifa kuliko profesa wa fani nyingine. Simlaumu mgonjwa aliyekata tamaa. Ninaowalaumu ni wale waliokuwa na nafasi ya kuuliza, watu wakiwatazama wao, wakanyamaza.

Ujuzi wa mambo ninaousifu nimeuona zaidi vijiweni. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu hunywa kahawa na kubishana siasa, na mwenye kuleta habari huulizwa: umeisikia wapi? Wapo wazee wa pwani waliokua na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ambao watakutajia habari, aliyeisema, na iliyoipinga siku iliyofuata. Wakifikia mwisho wa wanachokijua, wanasema wazi: hilo sina habari nalo. Mjuaji hawezi kutamka maneno hayo, na ndiyo maana mjuaji hatumheshimu.

Kwenye WhatsApp swali la kijiweni limepotea. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 2018 kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na mwaka uliofuata ikazuia kuutuma kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo. Bado mtu anaandika "nimeipokea hivyo hivyo", anautuma, anaona amemaliza kazi. Hapana. Ukiituma umeisema wewe.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa watangazaji wetu. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hutolewa kila mwaka na huwekwa wazi kwenye tovuti. Mkimwita studio mtu mnayemtambulisha kuwa mchambuzi, kabla hajaanza kuijadili, muulizeni mbele yetu: umeifungua, na umesoma sura zipi?