Kicheko kihesabiwe pointi ngapi kwenye bato la rap?

Kila bato kubwa la rap, yaani pambano la wawili kurushiana mistari, likiisha, ubishi huwa ni ule ule. Huyu anasema ameshinda aliyewavunja watu mbavu. Yule anasema huyo ni mchekeshaji tu, mwenye mistari alikuwa mwenzake. Pande zote mbili zina hoja. Zinapokosea ni pale zinapouweka ucheshi na haiba ya jukwaani kwenye kapu moja, ilhali kila kimoja kinafanya kazi yake.

Katika ligi za Amerika Kaskazini kama King of the Dot ya Toronto, iliyoanza 2008, na URL (Ultimate Rap League) ya New York, iliyoanza 2009, washindani huchana, yaani hurap, bila biti, ule mdundo wa muziki. Mistari wameiandika na kuikariri, na kwa kawaida kila mmoja ana raundi tatu. Biti ikishaondoka, mchanaji hana pa kujificha: kila kimya kinasikika. Hapo ndipo ucheshi unapopata nguvu zake. Kicheko humtoka mtu kabla hajafikiri, lakini mstari wenye maana tatu unamtaka asikilizaye aufumbue kwanza, na akishaufumbua, mchanaji yuko mistari minne mbele.

Wanaoupinga ucheshi wana hesabu yao, nayo si ya kupuuza. Raundi ya dakika tatu, kwa mwendo wa kawaida, inabeba mistari kama 45 hadi 50. Kicheko kizito kinakula sekunde tano mpaka nane. Vicheko kumi tu, dakika nzima imekwenda. Mcheshi basi huwa ametoa mistari michache kuliko mpinzani wake, lakini kelele za ukumbi zinamfanya aonekane ametoa mingi. Tena mizaha mingi ni ya jumla: kitambi, kipara, viatu. Kipimo chake ni rahisi. Ondoa jina la mpinzani, uupeleke mzaha kwa mtu mwingine mwenye kipara. Ukifaa vile vile, haukuandikwa kwa ajili ya bato hili.

Mzaha wa jumla una hatari nyingine: unatabirika. Mwaka 2002, kwenye mashindano ya mitindo huru (kuchana papo kwa papo) ya kila Ijumaa katika kipindi cha 106 & Park cha televisheni ya BET, Jin, kijana wa Miami mwenye asili ya Kichina, alirushiwa utani wa asili yake karibu na kila mpinzani. Alishajua utakuja. Akaupokea, akaugeuza, akashinda wiki saba mfululizo. Anayetegemea utani ambao kila mtu anauona ukija anampa mpinzani silaha, na muda wa kuinoa.

Lakini kusema ucheshi ni njia ya mkato ni kutoujua ugumu wake. Panchi ya kuchekesha, yaani pigo la mstari, lazima iangukie neno la mwisho la mstari, na kina kiwe hapo hapo. Neno moja likizidi baada yake, kicheko kinafia kooni. Kisha kuna kusubiri. Ukianza mstari unaofuata kicheko kikiwa kileleni, maandalizi ya panchi yako ijayo yanazikwa na kelele, na panchi yenyewe inatua bila mguu wa kusimamia. Ukichelewa, ukumbi unapoa. Na usicheke mwenyewe. Pat Stay wa Kanada, aliyewahi kuwa bingwa wa King of the Dot kabla ya kuuawa mwaka 2022, aliliweza hili kuliko wengi: alitania kwa utulivu wa mtu anayepiga soga barazani, na utulivu huo ndio uliomwambia mpinzani kwamba haogopwi. Kwake ucheshi na haiba vilishikana mikono.

Haiba yenyewe ni mkopo. Inaufanya mstari uaminike kabla haujathibitika, na siku ya kulipa huja. Mwaka 2012 mchanaji Loaded Lux alipanda jukwaani kumkabili mwenzake Calicoe wa Detroit akiwa ndani ya suti, kama mtu aliyekuja kuongoza mazishi, na mistari yake ikafuata sura hiyo hiyo: ya mhubiri anayemzika aliye hai. Suti ilikuwa sehemu ya hoja. Mwaka huo huo Canibus, rapa aliyeogopwa kwa kalamu yake tangu miaka ya 1990, alikutana na mchanaji wa mabato Dizaster, na bato likiwa linaendelea akatoa daftari akaanza kusoma. Hata kama kurasa zile zilikuwa na mistari mizito, hakuna aliyeipima tena. Daylyt, mchanaji mwingine wa mabato, naye ni mwandishi wa kina, lakini mavazi na vituko vyake vimewafanya wengi wakumbuke nguo na kusahau maneno. Kwa anayejua mipasho ya taarabu hili si geni: maneno huchoma pale jicho la mwimbaji linapomtulia mtu ukumbini, ila lazima maneno yawepo kwanza.

Tatizo kubwa liko kwa anayeamua. Kwa kawaida URL haina majaji, watazamaji hubishana wenyewe. Penye majaji, wamekaa ukumbini katikati ya kelele, wakati mashabiki wengi hutazama video, tena mara ya pili na ya tatu. Mzaha hupungua ukirudiwa kwa sababu mshtuko umekwisha; mstari wa mafumbo huongezeka. Nashikilia kwamba ukumbi ndio uamue, maana bato ni la waliohudhuria. Ila jaji asihesabu kelele. Achore safu mbili kwenye karatasi yake: vicheko vilivyomhusu mpinzani huyu peke yake, na vilivyobaki. Safu ya pili isipewe pointi.

Na atazame zaidi mwanzo wa raundi ya pili. Hapo mpinzani hujibu papo kwa papo, mistari minne hadi minane ambayo haikuandikwa nyumbani. Aliyetaniwa akiweza kucheka pamoja na ukumbi, kisha akaurudisha mzaha ule ule kwa vina vyake, pointi za mzaha huo zimehama.